Mke wa Jina: Kiapo cha Lodwar

"Nauliza kwa mara ya mwisho," Inspekta alisema. "Huyu Wol yuko wapi?"

Msomaji, wiki nzima umelingoja jibu, na mimi wiki nzima nimesimamishwa njiani na watu wanaotaka ninong'one. Haya basi. Mliosema Alier, mwanamume aliyeulizwa, atanyamaza, mmepatia. Alitazama sakafu ya saruji ya ofisi ya Akai ya kupiga chapa, hapa mjini Lodwar, asitamke hata nusu ya neno.

Aliyefungua mdomo ni Nyibol, mama aliyekuwa kando yake. Na afadhali angeufumba.

"Wol iko," alisema. "Iko nyumbani. Kakuma."

Akai, rafiki yake na mshirika wake katika biashara, alijishika kichwa kwa mikono miwili.

Inspekta alitabasamu, mara ya kwanza tangu aingie mlangoni. "Vizuri sana, mama. Tutaita Kakuma kwa redio, aletwe."

Lakini Nyibol hakusema uongo. Hilo lishike sana, maana ndilo litakalotuumiza leo. Kwa watu wake, Wadinka wa ng'ambo ya mpaka, kile kibanda anacholala kule kambi ya wakimbizi ya Kakuma ni cha Wol. Watoto wawili, Anyang na Akon, ni wa Wol. Yeye mwenyewe ni mke wa Wol. Kasoro ni moja tu: Wol alikufa kwa homa akiwa kijana, hajaoa, na Nyibol hakuwahi kumwona hata siku moja.

Kwao mwanamume akifa bila mtoto, nduguye humwolea. Baba yao akiwa hoi kitandani alimwita Alier, mdogo wake Wol, akamwambia atoe ng'ombe amwoe msichana kwa jina la kaka yake kwanza. Mke wake mwenyewe angekuja baadaye. Alier akatoa ng'ombe. Akamchukua Nyibol kwa jina la marehemu, akazaa naye kwa jina la marehemu.

Hiyo baadaye haikufika. Vita vilipora ng'ombe waliobaki, ikawa kutembea, ikawa njaa, ikawa Kakuma. Huu mwaka wa 1999 ni wa kumi na mmoja tangu amchukue, na katika miaka yote hiyo Alier hajamwita Nyibol "mke wangu". Humwita mama Anyang.

Anampenda? Mtu aliyekuvusha mto mgongoni ukiwa na mimba ya miezi minane, nani atakuambia hakupendi? Lakini neno lenyewe Nyibol hajalisikia. Na analitamani, jamani, analitamani hata aibu inamshika.

Jibu la redio lilifika kabla ya saa sita. Wakati huo wote walikuwa wamehamishiwa kituoni, Alier upande wa pili wa meza, Nyibol na Akai kwenye benchi.

"Kambini hakuna Wol," Inspekta alisoma. "Kuna mama Nyibol, mume ameandikwa Wol. Kuna watoto wawili, baba ameandikwa Wol. Halafu kuna wewe, Alier, umeandikwa shemeji. Na Wol hajachukua mgao wa chakula hata siku moja tangu kambi ifunguliwe." Aliinua macho. "Ni mtu gani huyo asiyekula?"

Inspekta alitandaza karatasi zilizotoka kwenye mashine ya Akai. Juu ya ya kwanza palikuwa na picha: vazi la shanga nyekundu na nyeusi lililosukwa na Nyibol, na kando yake kikapu cha majani ya mkoma kilichosukwa na akina mama wa Kiturkana. Chini yake maandishi. Shanga za Wol. Mwenye biashara: Wol, Kakuma, Kenya.

"Hii iko kwenye intaneti. Dunia nzima inaisoma. Kuna mnunuzi ng'ambo ameisoma, ameandikiana na Wol kwa imeli miezi mitano, amepata mkataba wenye sahihi ya Wol, ametuma malipo ya kwanza. Sasa anataka mzigo mkubwa, lakini kwanza ameomba Serikali imhakikishie kwamba Wol ni mtu kweli." Alipiga karatasi kwa kidole. "Sahihi hii ya nani?"

"Ya mkono yangu," Alier alijibu.

"Kwa nini uliandika Wol?"

"Kila kitu ya nyumba ile ni yake. Mimi natunza tu."

"Afande, makosa ni yangu!" Akai aliruka kutoka kwenye benchi. "Mimi ndiye nilichapa. Niliuliza, mwenye biashara ni nani? Wakajibu wote wawili, Wol. Mimi nikafikiri Wol ni jina ya huyu huyu Alier! Sisi Waturkana mtu moja iko na jina ya nyumbani, jina ya kanisa, tena jina ya ng'ombe yake. Ningejuaje ni mtu ya kaburi?"

"Na wewe pia umo, mama," Inspekta alisema. "Kompyuta ni yako, simu ni yako. Kaa chini."

Akai akakaa. Mikono akaikalia.

Hapo ndipo wakili Lomorukai alipoingia, vumbi la kijiji chao, Lowarengak, bado liko kwenye viatu, maana aliitwa akatolewa katikati ya shughuli za kwao. Ni Mturkana mfupi, mwenye hasira za karibu, na mjini hapa hata wanaomchukia humwita yeye kwanza mambo yakiharibika.

"Ejoka, Akai," alisalimia, halafu hakungoja kuitikiwa. "Nyinyi mnanishangaza. Mnanunua kompyuta. Mnalipia simu. Mnatafuta mtu Nairobi awatengenezee ukurasa. Wakili mnamkumbuka mkishakamatwa!"

Aliomba dakika kumi na wateja wake. Inspekta alimpa tano, akatoka kuvuta sigara.

"Nisikilizeni," Lomorukai alisema kwa sauti ya chini. "Mtu anaruhusiwa kuiita biashara yake jina lolote. Angeiita Ziwa, angeiita Mwezi, hakuna kesi. Lakini sheria inauliza jambo moja tu: nyuma ya jina hilo, ni nani anayeweza kushikwa shati? Nyinyi mmemweka marehemu. Sokoni hapa isingekuwa neno, kila mtu anamjua Alier. Huyo mzungu hamjui mtu. Anachokijua ni karatasi. Karatasi ikisema uongo, kwake nyinyi ni matapeli."

"Sisi tulituma mzigo wake," Nyibol alisema. "Yote. Hakuna kikapu moja ilipotea."

"Ninajua, mama. Hiyo ndiyo itakayotuokoa. Hakuna aliyeibiwa." Alimgeukia Alier. "Kaka, hii inaweza kuisha leo. Useme hivi: Wol ni kaka yangu, alikufa zamani. Jina lake nililitumia kama jina la duka tu. Biashara ni yangu mimi Alier, huyu ni mke wangu, watoto ni wangu. Inspekta ataona hakuna Wol mwingine aliyejificha mahali na pesa za watu. Tutasahihisha usajili, tutamwandikia mnunuzi, mtarudi Kakuma na lori la jioni."

Nyibol aliinua uso.

Huyu ni mke wangu. Mtu mwingine ameyasema, tena kwa kufundisha, na bado yalimpasua kifua. Kilichobaki ni Alier kuyarudia. Sheria yenyewe inamlazimisha! Aliona haya kwa furaha iliyomjia mahali pale pa mashaka, akainamisha uso.

"Siwezi," Alier alisema.

"Huwezi nini?"

"Siwezi kusema watoto ni yangu."

"Si wewe uliyewazaa?"

"Mimi nilizaa. Ni ya Wol."

Lomorukai alivuta pumzi. "Nisipopata maneno hayo, utashtakiwa kwa kughushi sahihi. Unajua ni miaka mingapi? Akai pia atasimama kizimbani pamoja nawe."

Alier alimtazama Akai. Machozi yalimlenga, msomaji, usidhani ana moyo wa jiwe. "Akai, dada yangu, nisamehe," alisema. "Lakini baba yangu alikufa ameshika mkono hii. Aliniuliza mara tatu. Mara tatu nikamwambia ndiyo."

Inspekta alirudi akinuka sigara. Dakika tano zilikuwa tatu, lakini nani wa kumhesabia?

"Nina maswali mawili," alisema, kalamu tayari. "Alier. Huyu mama ni nani kwako?"

Chumba kilikuwa na feni moja mbovu. Nyibol aliitazama feni, kwa sababu kumtazama Alier hakuweza. Sema, aliomba kimoyomoyo. Sema mara moja tu, hata kama ni kwa ajili ya polisi, hata kama ukitoka nje utaomba msamaha kaburini. Sema.

"Mke ya ndugu yangu," Alier alisema.

"Na watoto?"

"Ya ndugu yangu."

Jamani, kuna maneno mtu huyajua siku zote na bado yakisemwa humuua. Kumi na moja. Miaka kumi na mmoja ya kupika chungu kimoja, kuugua kitanda kimoja, kuzika pamoja yule mtoto wa kwanza kando ya njia, mahali wasipoweza tena kupakumbuka. Na mbele ya kalamu ya Serikali ameandikwa shemeji. Nyibol hakulia. Alihisi baridi tu, katika mji huu usioijua baridi.

Inspekta aliinuka, akachukua pingu ukutani.

"Ngoja," Nyibol alisema.

Wote waligeuka.

"Mimi nitasema." Alisimama. "Huyu wakili aandike karatasi, mimi nitaapa."

"Mama Anyang!" Alier aliita. Ilikuwa sauti ya mtu anayemwona mtoto akikimbilia moto. "Kaa chini. Usifanye."

"Nikikaa, wewe unaenda jela."

"Wacha niende!"

"Na Akai?" Nyibol aliuliza. "Akai aliyenipa kiti yake, akanifunza kompyuta, akanipeleka nyumbani kwa mama yake nikiwa mgonjwa? Yeye pia aende?"

Alier alijaribu kusimama. Askari wa zamu alimshika bega asiinuke.

Inspekta aliziweka pingu mezani, akawaruhusu. Lomorukai aliandika kwa mkono, Akai akakimbia ofisini kwake kwenda kuchapa, wakaenda mahakamani palipo karibu, na mbele ya karani Nyibol akashika Biblia. Alikuwa Mkristo wa kweli, mwimbaji wa kanisani, si wa kushika Biblia kwa mzaha. Karani alisoma kila mstari polepole, naye akaitikia kila mstari. Kwamba Wol ni marehemu. Kwamba yeye Nyibol hakuwahi kuolewa naye. Kwamba mume wake ni Alier, na watoto wake wawili ni wa Alier. Kwamba Shanga za Wol ni jina la biashara tu, na mwenye biashara ni Alier.

Aliandika jina lake mwenyewe, herufi kwa herufi, kama alivyofundishwa kwenye darasa la watu wazima kambini. Kwa sheria za Kenya hakusema uongo hata mahali pamoja. Lakini alipoinua kalamu aliona mikono yake na akaiogopa. Kijana ambaye hakumjua, aliyekufa kwa homa, alikuwa na mke na watoto wawili asubuhi. Sasa hana mtu.

Mbona nilifanya? alijiuliza njiani. Kwa ajili ya Akai, ndiyo. Kwa ajili ya Alier, ndiyo. Lakini kulikuwa na la tatu, na kwa kuwa alikuwa mwanamke mkweli alikiri moyoni: alitaka iandikwe mahali, hata mara moja tu katika dunia hii, kwamba yeye ni mke wa Alier.

Inspekta alisoma hati ile mara mbili. Akapiga mhuri.

"Basi," alisema. "Hii naielewa. Hakuna Wol, hakuna utapeli, kuna ujinga. Wakili, usajili usahihishwe wiki hii, na huyo mnunuzi aandikiwe ukweli wote. Alier, nenda zako. Siku nyingine ukianza biashara inayosomwa na dunia nzima, uliza kwanza."

Akai alipiga kigelegele pale pale kituoni. Alimkumbatia Nyibol, akamkumbatia wakili, nusura amkumbatie na Inspekta. "Tumepona!" alipiga kelele. "Mungu wangu, tumepona!"

Hapa, wasomaji, ningeweza kuwaacha mkale chakula chenu kwa amani. Sina ruhusa.

Alier alitoka nje bila kumtazama mtu. Nyibol alimfuata, jua likiwa utosini, akamkuta amesimama karibu na ukuta, viatu mkononi kwa sababu ambayo hata yeye hakuijua.

"Twende nyumbani," Nyibol alisema.

"Nyumba ya nani?"

"Alier..."

"Nakuuliza. Ya nani?" Hakupaza sauti. Ingekuwa heri angepaza. "Wewe ulikuwa na mlango moja tu, ya Wol. Mimi nilikuwa naingia kwa mlango ya ndugu yangu. Saa hii umeifunga. Anyang akiulizwa baba yako nani, atasema nini?"

"Atasema wewe! Wewe ndiye baba yake!"

"Na Wol? Nani atasema jina yake?" Alijifuta uso kwa mkono. "Jela inaisha, mama Anyang. Ningekaa, ningerudi. Kufutwa hivi haiishi. Hata mimi nikifa kesho, nitakutana na baba, ataniuliza, nitasema nini? Kwamba nilimwoa mke ya ndugu yangu na karatasi ya polisi?"

"Ningefanya nini?" Nyibol alilia sasa, waziwazi, watu wakipita. "Nikuangalie ukifungwa? Mimi si mtu ya jina, mimi ni mtu! Nani alinivusha mto, Wol? Nani alichimba kaburi ya mtoto yetu? Mimi simjui Wol! Nakujua wewe!"

Kwa muda Alier alimtazama kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama, na Nyibol akadhani ameshinda. Alinyoosha mkono, akamgusa shavu, mchana kweupe, mbele ya watu, jambo ambalo mwanamume wa heshima wa kwao hafanyi.

Kisha aligeuka akarudi ndani ya kituo.

Nyibol alimkimbilia. Alifika mlangoni Alier akiwa tayari mbele ya meza, amesimama wima kama askari, viatu bado mkononi.

"Afande," alisema, "ile karatasi futa. Andika yangu."

"Yako ipi?" Inspekta alikuwa anafunga faili.

"Huyu mama alisema vile kwa sababu ya woga. Wol hajakufa. Aliyekufa kwa homa ni Alier. Mimi ni Wol."

Kigelegele cha Akai kilikatika. Wakili Lomorukai alitupa mkoba chini.

"Usimsikilize, Inspekta! Mteja wangu amechanganyikiwa!"

"Sijachanganyikiwa. Sahihi ni yangu, kwa hivyo si ya kughushi. Biashara ni yangu. Watoto ni yangu, wameandikwa Wol, na Wol ni mimi. Akai hana makosa." Aligeuka, akamnyooshea Nyibol mkono. "Na huyu ni mke wangu."

Amelisema.

Nyibol alishika fremu ya mlango. Miaka kumi na mmoja ya kulingoja neno hilo, na sasa limekuja, zuri vilevile alivyoliwaza, kwa sauti ile ile anayoipenda. Lakini aliyelisema ni Wol. Alier wake amejiua mwenyewe hapo mezani, na hata hakuaga.

Inspekta alilifungua faili tena, polepole. Akatoa kadi ya ukimbizi, akaiweka kando ya hati ya kiapo.

"Kadi hii ina jina la Alier," alisema. "Kama wewe ni Wol, umeishi nchi hii miaka saba kwa kadi ya maiti. Sikufungi mimi. Unafutwa kambini leo, na kesho asubuhi unasindikizwa mpakani, unarudi ulikotoka. Unajua ulikotoka kuna nini?"

"Najua."

"Na bado unasema wewe ni Wol?"

"Mimi ni Wol."

"Kaka, nakuomba," Lomorukai alisema. Sauti yake haikuwa tena ya wakili.

Inspekta hakumjali. Alikuwa akimtazama Nyibol. "Mama, njoo hapa. Uliapa na Biblia kwamba huyu ni Alier. Yeye anasema ni Wol. Kama amesema kweli, wewe umeapa uongo, utalala ndani, na yeye anaondoka. Kama umesema kweli wewe, anarudi na wewe Kakuma leo. Sitauliza mtu mwingine. Huyu mwanamume ni nani?"

Nyibol alisogea mezani. Alier hakumwomba kwa mdomo. Alimtazama tu, mkono bado umenyooshwa, akingoja mke wake aitikie.